Atomu Saba Kati ya Elfu

Chukua kipande cha urani kilichotoka ardhini, kiwe cha Namtumbo mkoani Ruvuma au cha Shinkolobwe kule Katanga, kisafishe mpaka kibaki metali tupu, kisha hesabu ndani yake atomu 1,000. Utakuta 993 ni za aina moja, na 7 ni za aina nyingine. Nenda Kanada, nenda Kazakhstan, nenda Namibia: jibu litakuwa lile lile, saba kwa elfu. Kila ugomvi unaousikia duniani kuhusu nyuklia, uwe wa umeme, wa mabomu, wa vikwazo au wa wakaguzi, chimbuko lake ni hizo saba. Nataka tuzifuate polepole, hatua kwa hatua. Asiyejua hesabu hii hutishwa na kila habari ya redioni, au huambiwa kila kitu ni salama naye akaitikia.

Zinatofautianaje? Kila atomu ina kiini katikati, na kiini hujengwa kwa protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua hii ni dhahabu, hii ni chuma, hii ni urani. Urani zote zina protoni 92. Ila zile 993 zina nyutroni 146, jumla 238. Zile 7 zina nyutroni 143, jumla 235. Kwa mkemia aina hizi mbili ni kitu kimoja. Hakuna asidi itakayoyeyusha moja na kuacha nyingine, kwa sababu kemia hushughulika na elektroni za nje, na elektroni za aina zote mbili ni sawa. Likumbuke hili, maana litatusaidia mbele.

Tofauti huonekana nyutroni ya kupita inapokigonga kiini. Protoni 92 zilizobanwa mahali padogo hivyo husukumana kwa nguvu kubwa mno, na kinachozishikilia ni nguvu nyingine, ya karibu sana, iliyomo kati ya chembe na chembe za kiini. Urani iko ukingoni mwa mizani hiyo. Urani-235 ina nyutroni moja isiyo na mwenzake; ikija nyutroni mpya, hata ikitembea taratibu, wawili hao hushikana na nishati inayotoka kwenye kushikana huko hutosha kukitikisa kiini kizima. Kinarefuka, kinabanwa katikati, kinapasuka vipande viwili. Urani-238 haina upungufu huo. Ikipokea nyutroni ya taratibu, mara nyingi huimeza tu bila kupasuka.

Mpasuko huu uligunduliwa Berlin Desemba 1938 na Otto Hahn na Fritz Strassmann, wanakemia wawili walioona bariamu mahali ambapo hawakuitarajia. Aliyewaeleza maana yake ni Lise Meitner, mwanafizikia aliyefanya kazi na Hahn kwa miaka mingi kabla ya kuikimbia Ujerumani ya Hitler kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Akiwa uhamishoni Sweden, yeye na mpwa wake Otto Frisch walipiga hesabu: vipande viwili vinavyosukumana vitaruka kwa nishati inayozidi ya moto wa kuni au wa mafuta kwa mamilioni ya mara, atomu kwa atomu. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa joto sawa na karibu tani 3,000 za makaa ya mawe.

Mpasuko mmoja hauwashi hata taa. Jambo kubwa ni kwamba kila kiini kinapopasuka hutema nyutroni mbili au tatu, na kila moja inaweza kupasua kiini kingine. Tuseme mbili zinafanikiwa kila mara. Moja inazaa mbili, mbili nne, nne nane. Baada ya vizazi 80 hivi umefikia idadi ya atomu zilizomo katika kilo nzima. Na katika donge la urani-235 iliyokaribia kuwa safi, kizazi kimoja huchukua karibu sehemu moja ya milioni mia ya sekunde. Vizazi vyote 80 huisha kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kutimia. Hilo ndilo bomu: hakuna mkono wala mashine inayoweza kuingilia kati likishaanza.

Kinu cha umeme hutumia mpasuko huo huo kwa sharti moja, kwamba katika kila nyutroni mbili au tatu zinazotoka, ni moja tu, kwa wastani, inayoendelea kupasua. Nyingine humezwa bila kupasua kitu, na fimbo za boroni au kadimiamu zinazoshushwa na kupandishwa humeza ziada. Lakini fimbo huenda polepole, na nyutroni huenda kasi ya kutisha; vipi basi fundi awahi? Jibu ni moja ya bahati kubwa ambazo maumbile yametupa. Katika kila nyutroni 10,000, kama 65 hazitoki papo hapo. Hutoka baadaye, kwenye vipande vilivyopasuka, baada ya sehemu ya sekunde, baada ya sekunde kadhaa, nyingine baada ya karibu dakika nzima. Mafundi hupanga kinu kiwe kinazihitaji hizo zinazochelewa ndipo moto uendelee, na kwa sababu hiyo mwendo mzima hushuka hadi kufikia mwendo ambao binadamu na mashine zake wanaweza kuumudu. Nyutroni 65 katika 10,000! Bila hizo kusingekuwa na umeme wa nyuklia hata mmoja duniani.

Kinu cha umeme cha kawaida hakiwezi kulipuka kama bomu, kwa sababu katika mafuta yake urani-238 ni nyingi mno kuruhusu ile mbio ya vizazi 80. Hatari yake ni nyingine. Ukikizima, vipande vilivyopasuka huendelea kutoa joto, kama asilimia 6 au 7 ya nguvu ya awali papo hapo, kisha linapungua taratibu kwa siku na miezi. Joto hilo lazima liondolewe. Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, vinu vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Tsunami ikaja ikanyamazisha majenereta ya kuendesha pampu, na vinu vitatu vikayeyuka ndani.

Sasa turudi kwenye zile saba. Vinu vingi vya umeme havitosheki na saba kwa elfu. Vinataka arobaini au hamsini kwa elfu, yaani asilimia 4 au 5. Bomu la urani hutaka kama 900 kwa elfu. Kuongeza uwiano huo ndiko kunakoitwa kurutubisha urani, na kwa kuwa kemia haiwezi kutenganisha aina hizi mbili, limebaki tegemeo moja kuu, tofauti ya uzito. Urani huunganishwa na florini ikawa gesi, na molekuli moja huwa na uzito wa 349 au 352. Tofauti ni chini ya asilimia moja. Gesi hiyo huzungushwa kwa kasi kubwa mno ndani ya mitungi mirefu. Nzito husogea kidogo pembeni, nyepesi hubaki kidogo katikati. Ni kama kupeta mchele ambao pumba yake ina uzito karibu sawa na punje: ungo mmoja hausaidii, hivyo unapeta kwa ungo wa kwanza, unampa mwenzako wa pili, wa tatu, mpaka maelfu ya nyungo zimepanga mstari.

Hapa ndipo nakuomba ushike kalamu. Tuna atomu 1,000, saba ndizo tunazozitaka. Kwa wepesi tuseme hatupotezi hata moja kati ya hizo saba. Kiwandani mbili hivi hubaki kwenye mabaki, ila somo halibadiliki. Ili saba ziwe asilimia 4, zinatakiwa zibaki atomu 175 kwa jumla. Kwa hiyo umeondoa 825. Ili ziwe asilimia 20, zibaki 35. Umeondoa 140 zaidi. Ili zifikie kama asilimia 90, zibaki nane tu, umeondoa 27.

Zitazame tena namba hizo: 825, halafu 140, halafu 27. Mtu aliyefika kwenye mafuta halali ya kinu cha umeme ameshaondoa zaidi ya asilimia 80 ya kila anachopaswa kuondoa ili apate bomu. Aliyefika asilimia 20 amebakiza kipande kidogo kabisa cha safari. Mashine ni zile zile, gesi ni ile ile, mafundi ni wale wale. Kinachobadilika ni mpangilio wa mabomba na muda.

Watu wengi hudhani kati ya umeme na bomu kuna ukuta, labda elimu ya siri au chuma cha ajabu. Hakuna. Kuna mteremko, na sehemu yake ngumu iko mwanzoni, pale pale ambapo kila nchi ina haki ya kusimama. Ukielewa hilo unaelewa kwa nini makubaliano ya mwaka 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa yaligombania namba isiyo kamili kama asilimia 3.67, na akiba isiyozidi kilo 300. Unaelewa pia kwa nini Iran ilipoanza kurutubisha hadi asilimia 60 mwaka 2021, miaka mitatu baada ya Marekani kujitoa, wataalamu walipiga mbiu. Pigia hesabu mwenyewe: kwa asilimia 60 zimebaki atomu 12 hivi kati ya zile elfu. Za kuondoa ni nne.

Kama maumbile hayakuweka ukuta, ukuta ni lazima ujengwe na watu, na watu wameujenga kwa kitu kinachoonekana duni sana: kuhesabu. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulianza kazi tarehe 5 Machi 1970. Kwa ufupi, wasio na bomu wanaahidi kutolitafuta, wanapewa haki ya nyuklia ya amani, na walionalo wanaahidi kujadiliana kwa nia njema ili waliondoe. Ahadi hii ya mwisho imetekelezwa vibaya, na lawama ya nchi zisizo na silaha juu yake ni ya haki kabisa. Wahesabuji ni Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lenye makao Vienna tangu 1957. Wakaguzi wake hupima uzito, hufunga lakiri, huweka kamera, hupangusa kuta kwa kitambaa cha pamba na kukipeleka maabara, ambako vumbi lisiloonekana kwa macho husema urani iliyopita hapo ilirutubishwa kiasi gani. Kipimo chao cha tahadhari ni kilo 25 za urani-235 ndani ya urani iliyorutubishwa sana, au kilo 8 za plutoni: kiasi ambacho kikipotea, haiwezi tena kusemwa kwamba bomu haliwezekani.

Ukitaka kujua kuhesabu huku kunaweza kuwa kwa makini kiasi gani, sikiliza kisa cha Oklo, Gabon. Mwaka 1972 mafundi wa Ufaransa walipima urani iliyotoka huko wakakuta asilimia 0.717 badala ya 0.720. Tofauti ndogo hivyo mtu wa kawaida angeipuuza. Wao hawakuweza, kwa sababu urani-235 iliyopungua ni lazima ijulikane ilikokwenda. Walifuatilia hadi mgodini na kugundua kwamba karibu miaka bilioni mbili iliyopita, wakati urani ya asili ilikuwa bado na urani-235 ya kutosha, maji ya ardhini yaliwasha mpasuko ndani ya mwamba. Kinu kikongwe kuliko vyote tunavyovijua kimo ardhini mwa Afrika, na alama yake ilikuwa upungufu kwenye daftari.

Afrika ndiyo pia inayotupa mfano ulio mgumu kuliko yote wa uamuzi wa binadamu katika jambo hili. Marekani iliipa Afrika Kusini kinu cha utafiti, SAFARI-1, kilichowashwa Pelindaba karibu na Pretoria mwaka 1965, katika mpango wa atomu kwa ajili ya amani. Jirani yake serikali ya ubaguzi ilijenga kiwanda chake cha kurutubisha urani. Mwaka 1977 setilaiti ya Kisovieti ikaona maandalizi ya jaribio la bomu katika jangwa la Kalahari, mataifa yakapiga kelele, visima vilivyochimbwa kwa ajili ya jaribio hilo vikaachwa. Kazi ikaendelea kimyakimya. Mwisho wake nchi hiyo ilikuwa na mabomu sita kamili, kila moja likiwa na kama kilo 55 za urani, na la saba likiwa njiani.

Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alisimama bungeni akasema mabomu yalikuwepo, na tayari yamevunjwa. Hakuna nchi nyingine iliyojitengenezea mabomu ya nyuklia ikayavunja yote.

Kwa nini? De Klerk alisema tishio limekwisha: usitishaji wa vita umekubaliwa Angola, majeshi ya Kuba yanaondoka, Namibia inapata uhuru, vita baridi vinakufa. Wengi barani walisema, na wanasema mpaka leo, kwamba wazungu wachache hawakutaka kuyaacha mabomu mikononi mwa serikali ya Waafrika. Mimi naona sababu zote mbili zilikuwemo, na hazifutani. Tendo jema linaweza kufanywa kwa nia yenye doa, na bado likawa jema kwa watoto wa Soweto na wa Maputo. Kinachonisumbua zaidi ni jinsi kazi yenyewe ilivyoanzishwa. Mabomu sita yalitengenezwa kwa fedha za umma, na walioamua ni kikundi kidogo cha watu ambao hawakumuuliza mtu. Wananchi walio wengi hawakuwa na kura; hata bunge la wachache halikuambiwa. Uamuzi wa kuyavunja nao ulichukuliwa kwa siri hiyo hiyo, ukatangazwa baada ya kwisha.

Hapo ndipo wahesabuji walipoingia. Ilibidi wakaguzi wa IAEA wathibitishe jambo gumu kuliko kuona bomu: kwamba hakuna jingine lililofichwa. Walichukua madaftari ya kiwanda ya miaka yote, siku kwa siku, urani iliyoingia, iliyotoka, na mabaki. Ni hesabu ile ile ya kalamu yetu. Ukijua elfu ngapi ziliingia, na ukapima ni urani-235 kiasi gani imebaki kwenye mapipa ya mabaki, unajua ni kiasi gani kilipaswa kutoka kama zao. Kisha unauliza zao hilo liko wapi. Mwishoni walisema hesabu zinalingana kwa kadiri inavyoweza kutarajiwa, na vile visima vya Kalahari vikazibwa kwa zege mbele yao. Serikali ya Mandela ilipoingia 1994 haikugeuka nyuma. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika nzima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulisainiwa Cairo mwaka 1996. Ulihitaji nchi 28 kuuridhia ndipo uwe sheria. Ya 28 ilikuwa Burundi, Julai 2009.

Urani ya yale mabomu haikutoweka. Sehemu yake ilitumiwa katika SAFARI-1 kutengeneza molibdeni-99, ambayo huzaa teknesiamu inayodungwa kwa wagonjwa ili moyo na mifupa vionekane kwenye picha. Sehemu nyingine bado inalindwa Pelindaba. Novemba 2007, usiku, watu wenye silaha walipita uzio wa umeme wakaingia hadi kwenye chumba cha dharura, wakampiga risasi mfanyakazi mmoja, wakatoroka. Hawakuifikia urani. Nchi inaweza kuamua vizuri na bado ikalazimika kulinda matokeo ya uamuzi wake wa zamani kila usiku, vizazi na vizazi.

Kuhusu uamuzi wa mtu mmoja mmoja, namfikiria Joseph Rotblat, mwanafizikia wa Kipolandi aliyekuwa Los Alamos, katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomu. Alikubali kufanya kazi ya bomu kwa hofu kwamba Hitler angelipata kwanza. Mwishoni mwa 1944 ilipobainika Ujerumani haina bomu na haitalipata, alifunga mizigo akaondoka. Wenzake wengi walibaki, wengi wao watu wema. Kazi ilikuwa tamu na ilikaribia kwisha. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1995. Sifa yake kwangu ni kwamba aliikumbuka sababu iliyompeleka, na sababu ilipoondoka, naye akaondoka. Meitner, aliyeueleza mpasuko, alikataa kabisa kushiriki tangu mwanzo. Na wachimbaji wa Shinkolobwe, ambao jasho lao lilitoa sehemu kubwa ya urani ya mradi ule, hawakuulizwa. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alikwisha kuhamishia New York zaidi ya tani 1,000 za madini mwaka 1940, na jeshi la Marekani likayanunua miaka miwili baadaye. Mtu wa Katanga hakujua alichochimba mpaka Hiroshima ilipoungua, na wengi hata baada ya hapo.

Leo suala hili limefika kwetu. Kenya inapanga kinu na imetaja Kilifi, kisha Siaya. Uganda imetaja Buyende. Tanzania ina urani ya Mto Mkuju. Kinachosafirishwa kutoka mgodini ni unga wa njano wenye saba zake zile zile kwa elfu, kwa hiyo muuzaji wa unga yuko chini kabisa ya mteremko. Nchi zote tatu zimekubali Itifaki ya Nyongeza inayowapa wakaguzi nafasi pana zaidi ya kuuliza na kuingia. Hilo ni la kujivunia, ingawa ni wachache wanaolijua.

Mwenye kinu ana swali la pili, lisilohusu kurutubisha. Urani-238 inayomeza nyutroni hugeuka, kwa hatua chache, kuwa plutoni. Kinu kikubwa cha megawati 1,000 hutoa kila mwaka tani 20 na zaidi za mafuta yaliyotumika, na kama asilimia moja yake ni plutoni, yaani kilo 200 hivi. Linganisha na kile kipimo cha kilo 8. Plutoni hiyo imefungwa ndani ya mafuta yenye mionzi mikali, na kuitoa kunahitaji kiwanda maalumu. Mradi kiwanda hicho hakipo, mionzi yenyewe ni mlinzi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipojenga vinu vinne vya Barakah uliahidi kisheria kutorutubisha urani wala kuchakata mafuta yaliyotumika. Kinu cha Bushehr, Iran, hupata mafuta kutoka Urusi kwa makubaliano kwamba yaliyotumika yarudi huko. Njia zipo, na kila moja ina bei yake na inapunguza uhuru fulani.

Nishati ya nyuklia si shetani kwangu, na mwanafunzi wa Siaya anayetaka umeme wa uhakika hakosei hata kidogo. Ninachodai ni kwamba wanakijiji wa Uyombo kule Kilifi au wa Buyende wasiambiwe tu megawati ngapi na ajira ngapi. Waambiwe mafuta yatatoka wapi, yatarudi wapi, nani atayalinda, na nani ana ruhusa ya kuja kuhesabu bila kupewa taarifa ndefu. Plutoni-239 huchukua miaka 24,000 kupungua nusu. Kifungu cha mkataba kinachohusu mafuta yaliyotumika kisomwe hadharani, kwa lugha ambayo watu wa hapo wanaielewa, kabla wino wa waziri yeyote haujagusa karatasi.